Fahamu Fedha za Umma Zinavyojenga Vituo vya Kulelea Watoto wa Kaya za Kipato cha Chini

Saa kumi na moja alfajiri, mama lishe anapowasha jiko sokoni, mtoto wake wa miaka miwili huwa katika mojawapo ya sehemu nne: mgongoni mwake, chini ya meza karibu na moto, nyumbani chini ya uangalizi wa dada yake ambaye siku hiyo hatakwenda shule, au kwa jirani anayekaa na watoto wengi katika chumba kimoja. Kituo cha kulelea watoto mchana ni sehemu ya tano. Kwa kaya nyingi za kipato cha chini, sehemu hiyo ama iko mbali ama ada yake haimudiki.

Makala haya yanaeleza fedha za umma zinazoweza kujenga kituo cha aina hiyo zinatoka wapi, zinapitia ngazi zipi, na kwa nini wananchi wanapaswa kujadili gharama za kila mwezi za kituo kabla ya kuchimba msingi.

Maana ya kituo na msingi wake wa kisheria

Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni mahali ambapo watoto wasiofikia umri wa kuanza elimu ya awali huangaliwa, hulishwa, hucheza na kuchangamshwa kwa saa ambazo wazazi au walezi wao wako kazini. Kituo hiki si darasa la awali. Darasa la awali lipo ndani ya shule ya msingi, husimamiwa na mamlaka za elimu na humpokea mtoto anayejiandaa kuingia Darasa la Kwanza. Si makao ya watoto pia, kwa kuwa mtoto hurudi nyumbani kila jioni.

Kwa Tanzania Bara, vituo hivi vinaongozwa na Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake. Sheria inataka kila kituo kisajiliwe na kikaguliwe. Usajili uko chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mwombaji huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake. Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011.

Desemba 2021, jijini Dodoma, Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, maarufu kama PJT-MMMAM, ya kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo inamlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Imejengwa juu ya mambo matano yanayotakiwa kumfikia mtoto kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kituo cha kulelea watoto mchana kinachoendeshwa ipasavyo ni miongoni mwa sehemu chache ambazo mambo yote matano hukutana chini ya paa moja.

Kwa nini kaya za kipato cha chini zipewe kipaumbele

Mama mwenye ajira rasmi analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mchuuzi wa mboga, kibarua wa shambani na mponda kokoto hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo. Siku wanayokaa nyumbani na mtoto ni siku isiyo na kipato.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Uchambuzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2020 ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 40 ya watoto walio chini ya umri wa kuanza shule ya msingi, sawa na takriban watoto milioni 350, wanahitaji huduma ya malezi ya mchana lakini hawaipati. Wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini.

Ushahidi wa manufaa ya huduma hii upo hata kwa majirani wa Tanzania. Katika jimbo la Gaza nchini Msumbiji, utafiti uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2012 ulifuatilia vituo vya awali vya vijijini vilivyoanzishwa na jamii kwa msaada wa shirika la Save the Children. Watoto waliohudhuria walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 24, wa kuandikishwa shule ya msingi. Walezi wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 26, wa kuwa wamefanya kazi katika siku 30 zilizotangulia. Mahudhurio ya shule ya kaka na dada zao wenye umri wa miaka 10 hadi 14 nayo yaliongezeka. Katika makazi ya Korogocho jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa akina mama waliolipiwa ada ya kituo waliongeza ushiriki wao katika kazi za kipato kwa alama za asilimia 8.5.

Matokeo hayo yanaonesha kuwa kituo kimoja hugusa watu watatu katika kaya: mtoto mdogo, mama yake, na msichana aliyekuwa akibaki nyumbani kumwangalia mdogo wake.

Vyanzo vya fedha za ujenzi

Vituo vingi vilivyopo nchini vinamilikiwa na watu binafsi, taasisi za dini na asasi za kiraia, na huendeshwa kwa ada. Jamii inayotaka kituo cha umma au cha kijamii ina njia kadhaa za kupata fedha au nguvukazi.

Njia ya kwanza ni mapato ya ndani ya halmashauri. Kila halmashauri hutakiwa kutenga sehemu ya mapato hayo kwa miradi ya maendeleo, na kituo cha kulelea watoto kinaweza kuwa mradi mmojawapo iwapo kimeibuliwa na wananchi na kupitishwa na Baraza la Madiwani.

Njia ya pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha zake huenda kwenye miradi midogo inayotokana na vipaumbele vya wananchi, na mara nyingi hutumika kununua mabati, saruji au nondo kwa majengo yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi.

Njia ya tatu inapitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000. Pamoja na ruzuku kwa kaya za walengwa, TASAF imekuwa na miradi ya miundombinu ya jamii na miradi ya ajira za muda inayochaguliwa na jamii yenyewe kwa kufuata miongozo ya Mfuko.

Njia ya nne ni mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, uliowekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kwa marekebisho ya mwaka 2018. Asilimia 4 ni kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinaweza kuombea mkopo huo shughuli ya kulea watoto mchana, lakini kikumbuke kuwa mkopo hurejeshwa. Kituo kinachohudumia kaya zisizo na uwezo wa kulipa ada kikianza na deni, marejesho hayo yataishia kuongezwa kwenye ada.

Nguvu za wananchi huambatana na njia hizi zote. Utaratibu uliozoeleka ni wananchi kutoa eneo, mchanga, mawe, maji na kazi za mikono hadi boma lifike hatua ya lenta, kisha halmashauri au Serikali Kuu kukamilisha uezekaji na umaliziaji.

Safari ya wazo hadi fedha

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni, kwa hiyo wazo linalofika halmashauri mwezi Mei huwa limechelewa kwa bajeti ya mwaka unaofuata. Mahali sahihi pa kuanzia ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa sheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, au mkutano mkuu wa mtaa kwa maeneo ya mijini. Wananchi wanaozungumzia kituo katika mikutano ya kati ya Julai na Novemba huwapa watendaji muda wa kuliingiza wazo lao katika mpango.

Wazo huibuliwa kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao huitaka jamii ianze kwa kutaja rasilimali ilizonazo, ndipo iombe ilichopungukiwa. Mpango wa kijiji au mtaa huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa halmashauri, kamati za kudumu na Baraza la Madiwani. Hapo huunganishwa na mipango ya mkoa na kuwasilishwa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) na Hazina, kabla ya kufika bungeni.

Katika kila ngazi, kituo cha watoto hushindana na zahanati, darasa na kisima. Mradi huwa na nafasi nzuri zaidi ukifika na mambo manne yaliyoandikwa: idadi ya watoto watakaohudumiwa, muhtasari wa mkutano ulioridhia, uthibitisho kuwa eneo halina mgogoro, na maelezo ya namna kituo kitakavyoendeshwa baada ya kukabidhiwa.

Usimamizi wa ujenzi

Miradi mingi ya ngazi ya jamii hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo halmashauri hutumia mafundi wa eneo husika na kununua vifaa yenyewe badala ya kumpa mkandarasi kazi yote. Utaratibu huo huendeshwa na kamati tatu zinazowahusisha wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Mhandisi wa halmashauri husimamia ubora. Manunuzi yanaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023.

Uwezo wa utaratibu huu ulionekana kati ya mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022. Serikali ya Awamu ya Sita, chini ya uongozi wa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan, ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa maendeleo dhidi ya UVIKO-19, kwa gharama ya Shilingi milioni 20 kwa darasa. Kati ya hayo, 3,000 yalijengwa katika vituo shikizi vya shule za msingi, vinavyosogeza masomo karibu na watoto waliokuwa wakitembea mbali.

Kituo cha watoto wadogo kina mahitaji ambayo darasa la kawaida halina. Matundu ya choo yawe madogo kulingana na umri. Jiko litenganishwe na chumba cha watoto. Kuwe na wigo, maji ya kunawa kwenye kimo cha mtoto, sehemu ya kulala mchana, uwanja wenye kivuli na njia ya mteremko kwa mtoto mwenye ulemavu. Mahali pa kujenga ni muhimu kuliko ukubwa wa jengo, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hubebwa. Kituo kisipokuwa kwenye njia ya mama kuelekea sokoni, stendi au shambani, hatakitumia hata kikiwa kizuri.

Hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya kujenga

Fedha za ujenzi ni fedha za maendeleo na hutolewa hadi jengo linapokamilika. Malipo ya mlezi, uji, maji, sabuni na ukarabati ni matumizi ya kila mwezi, na kwa kawaida hayamo katika fedha zilizojenga jengo. Hapo ndipo kituo cha kaya za kipato cha chini hukwama.

Mfano ufuatao ni wa kukokotoa tu. Kituo kina watoto 40 na walezi wawili wanaolipwa Sh. 300,000 kila mmoja kwa mwezi. Uji ukigharimu Sh. 200 kwa mtoto kwa siku, kwa siku 22, utahitaji Sh. 176,000. Jumla ya mwezi ni Sh. 776,000, bila kuhesabu maji, usafi na matengenezo. Kwa kiwango hicho, katika muda wa miezi 26 kituo kitakuwa kimetumia zaidi ya Shilingi milioni 20, ambacho ndicho kiasi kilichotumika kujenga darasa moja mwaka 2021.

Gharama hiyo ikigawanywa kwa wazazi wote 40, kila mtoto atalipiwa Sh. 19,400 kwa mwezi. Wazazi kumi wakishindwa kulipa, waliobaki 30 watatakiwa kutoa karibu Sh. 25,900 kila mmoja. Baadhi yao nao watashindwa, na ada itapanda tena. Mwishowe kituo hubaki na watoto wa wanaomudu, wakati jengo lilijengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya wasiomudu.

Ziko njia za kuzuia hali hiyo, na zinaweza kutumika pamoja. Halmashauri inaweza kupitisha ada yenye ngazi, ambapo kaya zilizotambuliwa kuwa maskini hulipa kidogo au hazilipi kabisa, na pengo kuwekwa wazi katika bajeti ya kila mwaka. Kijiji kinaweza kutenga shamba la kituo ili mahindi na karanga za uji zisinunuliwe. Kituo kilicho sokoni kinaweza kutengewa sehemu ya ushuru wa soko hilo kwa uamuzi wa Baraza la Madiwani. Kamati ya kituo, yenye wazazi ndani yake, ndiyo inayopaswa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano.

Mlezi naye anahitaji mafunzo. Kisangara, wilayani Mwanga mkoani Kilimanjaro, kuna chuo cha Serikali ambacho kwa miaka mingi kimewaandaa walezi wa watoto wadogo. Kijiji kinachoanza ujenzi kinaweza kumchagua mlezi mapema ili mafunzo yake yaende sambamba na ujenzi.

Nchi nyingine zinavyofanya

Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliweka elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mwananchi anajua ni ngazi ipi ya kuiuliza.

India ilianzisha mpango wa huduma jumuishi za maendeleo ya mtoto tarehe 2 Oktoba 1975. Leo ina vituo karibu milioni 1.4 viitwavyo anganwadi. Baadhi ya majengo yake yamejengwa kwa kuunganisha fedha za wizara inayohusika na watoto na fedha za mpango wa ajira vijijini. Sheria ya ajira hiyo ya mwaka 2005 ilitaka pia kwamba, pakiwa na watoto wadogo watano au zaidi kwenye eneo la kazi, mwanamke mmoja apangiwe kuwaangalia na alipwe kama wafanyakazi wengine. Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji jengo, na unaweza kuigwa popote akina mama wanapofanya ajira za muda.

Zanzibar ina uzoefu wake kupitia vituo vya Tucheze Tujifunze, vijulikanavyo kama TuTu, vilivyosogeza ujifunzaji wa awali vijijini kwa kuitegemea jamii kupata mahali pa kukutania na watu wa kuwaongoza watoto.

Haki na wajibu wa mwananchi

Mwananchi ana haki ya kujua kiasi cha fedha kilichopokelewa kwa ajili ya mradi wa eneo lake. Taarifa za mapato na matumizi hupaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kijiji, mtaa au kata na kusomwa kwenye mkutano. Pale vifaa vinapopungua bila maelezo, hatua ya kwanza ni kuuliza kwenye mkutano, kisha kwa Mtendaji wa Kata na Mkurugenzi wa Halmashauri. Dalili za rushwa hupelekwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Hesabu za halmashauri hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ripoti zake ni za umma.

Kabla ya kumwacha mtoto kituoni, mzazi anapaswa kuomba kuona cheti cha usajili, kuwafahamu walezi wote na kuingia kila chumba, kikiwemo choo. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hutolewa bila malipo kupitia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116.

Wananchi wanaokusudia kuibua mradi wa kituo wanaweza kufika ofisi ya Maendeleo ya Jamii au Ustawi wa Jamii ya halmashauri yao kwa ushauri kuhusu eneo, ramani na usajili. Swali la kwanza la kujibiwa pamoja na maafisa hao, likaandikwa katika muhtasari wa mkutano, ni hili: mwezi wa kwanza baada ya kituo kufunguliwa, nani atamlipa mlezi?